Kuondoa Ndevu kwa Umeme: Neno kwa Akina Mama, na kwa Wanaowacheka



Labda wengine wenu watashangaa kuona kichwa cha maneno haya. Watasema: «Mwalimu wa dini ana shauri gani na ndevu za wanawake?» Twajibu: shauri tunalo. Sisi walimu wa katekisimu hapa Hombo kazi yetu ni kukaa na watu, na watu hawatuletei maswali ya katekisimu tu. Mafundisho yakiisha, wote wakienda zao, mara nyingi hubaki mmoja nyuma, akishika pembe ya kitenge chake, na swali lake si juu ya Amri Kumi.

Swali moja limetufikia mara tatu, kwa vinywa vya wanawake watatu, kila mmoja kwa siri yake. Wanaota ndevu kidevuni. Wamesikia ya kuwa katika miji mikubwa kuna sindano ya umeme inayoondoa nywele zisirudi tena. Wauliza kama habari hiyo ni kweli, kama sindano hiyo yaumiza, na kama yafaa mtu auze mbuzi wake kwa ajili yake.

Hatukutaka kuwajibu kwa kubahatisha. Tumesoma, tumewauliza wauguzi, na zaidi tumemwuliza dada yetu, binti wa mama yetu mdogo, anayekaa Brussels huko Ubelgiji. Yeye mwenyewe amekwisha kuingia katika matibabu hayo, naye ametuhadithia yote bila kuficha. Leo twaandika tuliyoyapata, ili anayetaka njia hii aijue yote kabla ya kutoa franka ya kwanza.

Si jambo dogo

Mtu asiye na taabu hii huicheka. Lakini mtazame mwanamke mwenye taabu yenyewe. Kabla ya jua kuchomoza yuko gizani na wembe, asionwe na watoto. Akipeleka muhogo sokoni, upande wetu wa daraja au ng'ambo katika Kivu ya Kusini, watu humtazama kidevu kwanza, muhogo baadaye. Hujifunika kitambaa mpaka puani hata wakati wa jua kali. Wengine huacha kuimba katika kwaya, kwa kuwa waimbaji hutazamwa.

Na liko baya kuliko kicheko. Kwetu watu wengi husoma uso wa mwanamke mzee kana kwamba ni kitabu. Macho mekundu, makunyanzi, ndevu mbili tatu: katika hayo yote husoma neno moja tu, mlozi. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa baada ya kutajwa hadharani kuwa walozi. Katika nchi ya Wasukuma, huko Tanzania, wanawake wazee wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Kumbe macho yale yaliharibiwa na moshi wa jikoni, walipokuwa wakipikia watoto wao! Basi si ajabu mama akiogopa udevu mmoja kuliko homa.

Ukweli ni huu. Kila mwanamke ana malaika mwilini, na kila mwanamke ana katika damu yake kiasi kidogo cha ile homoni ya kiume inayootesha ndevu. Ikizidi kidogo, au ngozi ikiisikia upesi, malaika laini hugeuka kuwa nywele nene. Waganga wakadiri ya kuwa katika wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 5 mpaka 10 wana nywele za namna hiyo usoni au kifuani. Wengine wamezirithi kwa bibi zao. Wengine huziona baada ya kukoma kupata mwezi. Wengi wana ugonjwa wa ovari unaovuruga mwezi na kuzuia mimba. Shirika la Afya Duniani lasema ugonjwa huo huwapata wanawake 10 mpaka 13 katika 100, na walio wengi hawajui ya kuwa wanao. Ulozi hauna nafasi katika hesabu hii.

Sindano ilianza machoni

Wengi hudhani sindano hii ni upuuzi wa matajiri. Sivyo. Ilianza kwa ajili ya kuokoa macho.

Mnajua ugonjwa wa trakoma, ambao Tanzania huitwa pia vikope. Vijidudu huingia machoni kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi. Ugonjwa ukirudi mara nyingi tangu utoto, ukope hupata makovu na kujikunja. Ndipo nywele za kope hugeukia ndani, na kila mtu apepesapo macho, zinakwaruza mboni, hata apofuke. Watu wa Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, waujua sana ugonjwa huo, na pote duniani wanawake huumizwa nao kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto wadogo. Mtu aking'oa nywele hizo kwa kibano, baada ya majuma machache zarudi.

Mwaka 1875 mganga mmoja wa macho, Charles Michel wa mji wa St. Louis huko Marekani, alitangaza njia yake. Alichukua sindano nyembamba, akaiunga na betri, akaiingiza penye shina la unywele uliogeuka, akapitisha umeme kidogo. Unywele ukatoka, wala haukurudi. Siku hizi ukope uliojikunja hutengenezwa hasa kwa upasuaji mdogo, lakini sindano ya Michel haikufa. Waganga walisema: ikiwa yaweza kuondoa unywele wa jicho, kwa nini isiondoe wa kidevu? Katika miaka ya 1920, Henri Bordier wa Lyon, Ufaransa, alitumia umeme wa namna nyingine, unaotia joto upesi. Baadaye wengine wakaziunganisha njia hizo mbili katika sindano moja.

Miaka ile ile ya 1920 huko Marekani walitokea watu wenye haraka zaidi. Walifungua nyumba za kuondoa ndevu kwa miali ya eksirei. Mwanamke alikaa mbele ya mashine dakika chache, haumwi hata kidogo, na nywele zikaanguka. Wengi walifurahi. Kisha, baada ya miaka, ngozi zao zikakauka, zikafanya vidonda, na wengine wakapata kansa. Tukumbuke habari hii kila tuahidiwapo jambo la upesi lisilo na maumivu.

Umeme wafanyaje kazi?

Mama zetu wajua maji ya majivu, na mafundi wa sabuni wajua soda ya moto, jinsi inavyokula mikono ya asiyejihadhari. Sindano hufanya jambo lilo hilo, ila kwa kipimo kidogo sana. Katika kila kishimo cha unywele mna unyevu wenye chumvi. Mgonjwa hushika mkononi kipande cha chuma kilichofungwa kitambaa chenye maji, na fundi huteremsha sindano nyembamba kama unywele wenyewe ndani ya kishimo. Sindano haitoboi ngozi. Yapita katika mlango uliopo tayari. Umeme ukipita, chumvi na maji hugeuka kuwa soda ya moto, tone dogo lisiloonekana, nayo huliunguza shina lilishalo unywele. Hii ndiyo njia ya kwanza, iitwayo elektrolisisi, nayo huenda polepole. Ile njia ya Bordier haifanyi soda. Hupika shina kwa joto, kwa nukta chache tu.

Hapa sisi Waafrika tusikilize sana. Nywele zetu zimejikunja, na mara nyingi hata kishimo chake chini ya ngozi kimepinda kama ndoano. Sindano ni nyofu. Joto huchoma pale tu ncha ifikapo, na shina lililojificha penye kona laweza kupona. Soda ni maji. Hufuata kishimo kilivyopinda mpaka chini. Kwa hiyo mafundi wengi hupenda kutumia njia ya polepole, au mbili pamoja, kwa watu wenye nywele za kujikunja. Dada yetu aliuliza neno hilo siku ya kwanza. Fundi asiyeweza kulijibu, yafaa kumwaga na kuondoka.

Mambo yatakayompata mtu

Twasema sasa kwa utaratibu, kama dada yetu alivyotuambia na kama vitabu vinavyothibitisha.

Kwanza, maandalio. Usizing'oe nywele kwa kibano wala kwa uzi majuma kadhaa kabla, kwa kuwa sindano yahitaji unywele wa kuifuata. Kukata kwa mkasi au kunyoa kwaruhusiwa. Halafu uziache zitokeze kidogo, fundi apate kuzishika. Hili, alisema dada yetu, ndilo lililomtia haya kuliko sindano: kupanda gari la watu akiwa na ndevu zake zinaonekana.

Pili, maumivu. Yapo. Hufanana na kuumwa na siafu mdogo, mara moja, kisha tena, kisha tena. Kidevuni yavumilika. Juu ya mdomo ni makali zaidi, na machozi hutoka yenyewe. Kuna dawa ya kupaka ili ngozi ife ganzi, na mtu anaweza kumwambia fundi apunguze nguvu.

Tatu, alama ya kazi njema. Shina likiisha kufa, unywele hutoka bila kuvutwa. Ukisikia kila unywele unavutwa kwa nguvu kama kwa kibano, basi umeng'olewa tu, nao utarudi.

Nne, baada ya kutoka. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi, huvimba kidogo, na baada ya siku moja mbili hutokea vigaga vidogo kama punje za mchanga. Usivibandue. Paka maji baridi, jihadhari na jua kali, usishikeshike. Ngozi nyeusi hupenda kuweka madoa. Mengi hufifia baada ya miezi. Lakini mtu ambaye kila kidonda chake huvimba na kuwa kovu nene ashauriane na mganga wa ngozi kabla ya kuanza.

Tano, muda. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Nywele hazioti zote pamoja. Nyingine zakua, nyingine zapumzika chini ya ngozi bila kuonekana, na sindano haina nguvu sana juu ya unywele unaopumzika. Ni kama kupalilia shamba la muhogo: leo umemaliza, mvua ikinyesha magugu mengine yachipuka, si yale uliyoyang'oa, bali mbegu zilizokuwa zimelala. Dada yetu alianza kwa kwenda mara moja kwa juma, nusu saa kila safari. Baada ya miezi kadhaa ikawa kila majuma mawili, na sasa mara moja kwa mwezi. Amefika mwezi wa 14, na bado hajamaliza. Mwezi wa tatu alitaka kuacha, akidhani anadanganywa. Mwezi wa saba alimka asubuhi, akajishika kidevu, akakuta hakuna cha kunyoa. Kwa watu wengi kazi ya uso huchukua mwaka mmoja mpaka miwili.

Sita, sindano yenyewe. Iwe mpya, itolewe katika mfuko wake mbele ya macho yako, itumike kwako peke yako, kisha itupwe. Virusi vya ukimwi na vya homa ya ini husafiri kwa sindano chafu. Katika hili usione haya kuuliza.

Saba, wasiofaa kuanza. Mwenye chombo cha kuendesha moyo kifuani asiguswe na umeme huu. Mwenye mimba angoje, au amwulize mganga wake. Mwenye kisukari aeleze mapema, kwa kuwa vidonda vyake hupona polepole.

Wengine wauliza juu ya leza, ile taa yenye nguvu. Leza huenda upesi kuliko sindano, lakini hupunguza nywele. Haiahidi kuzimaliza zote. Yatafuta rangi nyeusi, na juu ya ngozi nyeusi mashine isiyo ya namna ifaayo huunguza. Tena haiuoni unywele mweupe. Mama mzee mwenye mvi kidevuni, leza haimfai kitu, sindano yamfaa.

Na sisi tulio Hombo?

Kwetu umeme ni ule wa paneli za jua juu ya mabati, wa kuwasha taa na kuchaji simu. Matibabu haya ni kazi ya miji mikubwa. Mtu wa Hombo atakaye kwenda Bukavu hupita Bunyakiri, kisha msitu wa Kahuzi-Biega, kisha Miti. Katika miaka hii ya vita kila safari ni hatari na ni gharama. Sindano hii haitaki safari moja. Yataka safari 30, 40, au zaidi. Basi hili ndilo jibu letu juu ya mbuzi: asiyekaa katika mji wenye fundi, asimwuze. Mbuzi mmoja hulipa mwanzo wa kazi, wala kazi iliyoachwa mwanzoni haileti faida. Lakini anayehamia mjini, au aliye na ndugu wa kumkaribisha mwaka mzima, huyo aweza kufikiri na kuhesabu.

Kwa wengine wote, yapo mambo ya kufanya leo.

Aende kwanza hospitalini. Sindano huondoa unywele, haiondoi sababu. Ugonjwa wa ovari una dawa zake, na mwili usiotibiwa hutuma nywele mpya kila mwaka. Na ikiwa ndevu zimetokea kwa ghafula katika miezi michache, sauti ikawa nzito, mwezi ukakoma, asingoje hata juma moja, kwa kuwa mara nyingine ni uvimbe mbaya ndani ya tumbo.

Aache mafuta ya kujichubua. Wengi hawajui jambo hili. Mafuta mengi ya kung'arisha ngozi yauzwayo sokoni yana dawa kali ya jamii ya kortizoni. Dawa hiyo, ikipakwa miezi mingi, huweza yenyewe kuotesha nywele usoni! Mwanamke hupaka apate uso mzuri, kisha hushangaa ndevu zatoka wapi.

Asiogope wembe. Si kweli ya kuwa kunyoa kunazidisha ndevu. Unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana waonekana mnene. Atumie wembe wake mwenyewe, mkali na safi, alowanishe ngozi kwa maji ya moto, anyoe kwa kufuata uelekeo wa nywele, wala asirudierudie. Wanaume wenye vipele shingoni, neno hili ni lenu pia: nywele zetu zilizojikunja, zikikatwa chini sana, hurudi kuchoma ngozi kama miiba. Kuziacha ndefu kidogo kwa mashine ni bora.

Tena asinunue ahadi. Hapa sokoni alipita mchuuzi mmoja na chupa zisizo na jina, akiapa ya kuwa dawa yake huondoa ndevu milele kwa siku tatu. Tulimwona mama mmoja aliyemwamini: ngozi ya kidevu ilitoka kama ganda la ndizi, ndevu zikabaki. Haraka haraka haina baraka.

Je, ni dhambi?

Wote watatu walituuliza hivyo. Hapana. Kanisa lafundisha ya kuwa mwili na afya ni zawadi, nasi yatupasa kuitunza kwa kiasi. Lakataza kuuabudu mwili, halikatazi kuutibu. Anayetaka kuondoa ndevu zake aziondoe kwa amani. Na anayeziacha, kwa kuwa hana fedha au hana haja, asisongwe na mtu. Yeye ni mwanamke kamili, mama kamili.

Neno la mwisho si kwao. Mwanamke aliye na ndevu hawezi kuziondoa zote kwa mwaka mmoja, hata akiwa Brussels na fedha mkononi. Lakini sisi wengine twaweza kuacha kumcheka siku ya leo, bila sindano na bila franka. Baba wa nyumba amwambie mkewe waziwazi ya kuwa anampenda, amsindikize hospitalini. Vijana waache nyimbo zao za sokoni. Na mtu akisikia jina la mlozi latajwa kwa sababu ya kidevu cha mama mzee, asinyamaze. Aseme mbele ya wote alivyosoma hapa: ni homoni, ni uzee, ni urithi wa bibi. Huenda neno hilo moja likaokoa mtu.